Sharubu Aenda Kutalii Kwao

Benchi letu liko chini ya ngazi za mawe za Počitelj, mji wetu mdogo wa mlimani, pale mabasi ya watalii yanapogeuzia, mkabala na mama anayekamua makomamanga. Sisi ndio wenyewe. Yupo Mjerumani, ambaye si Mjerumani hata kidogo. Ni Nezir, aliyefunga matairi Stuttgart ujana wake wote akarudi na kiuno kibovu na lafudhi ya kununua. Yupo Kadhi, yaani Hamdija, hajawahi kuhukumu hata kuku, lakini halipiti neno hapa asilitolee hukumu. Nipo mimi, wananiita Posta, kwa sababu nilipeleka barua mji huu mpaka watu walipoacha kuandikiana. Wa nne ni Ramiz, tunamwita Sharubu, na asubuhi hiyo ya mwezi wa tano nafasi yake ilikuwa wazi kwa sababu alikuwa amekwenda kutalii. Na alikokwenda kutalii ni hapa hapa.

– Hebu nieleze tena, Posta, alisema Kadhi huku akichovya donge la sukari kwenye kahawa. – Polepole. Leo nimeamka vibaya.

– Maida kamnunulia baba yake zawadi ya kutimiza miaka sabini, nikamwambia. – Safari ya siku moja. Mwongozaji, basi la kiyoyozi, chakula cha mchana humo humo. Wanaondoka Dubrovnik asubuhi, wanapita mji wa kale, wanamalizia Mostar.

– Na huo mji wa kale ni upi?

– Huu uliokalia.

Kadhi aligeuka akautazama mnara, msikiti, na paa za mawe zilizopandana mlimani, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kimehamishwa usiku.

– Kwa hiyo jana Sharubu kapanda basi mpaka Dubrovnik, kavuka mpaka, kalala kwa binamu yake, ili leo avushwe tena mpaka aletwe hapa.

– Ndiyo.

– Mlangoni kwake.

– Mlango wenyewe unauona ukiwa ndani ya basi.

– Na nyie wanaume wazima mkamwachia.

– Mimi nilimwambia, Mjerumani akajitetea. – Nikamwambia, Ramiz, kaa hapa unywe kahawa yako, basi likifika jichomeke humo uende nao. Akaniambia zawadi ya mtoto huianzii katikati.

Mimi nilikuwa na Sharubu siku zawadi yenyewe ilipoingia kwenye simu. Maida anaendesha tramu huko Gothenburg, Sweden, na tangu tulipomzika mama yake, marehemu Zumra, ni kiangazi cha sita sasa hajatia mguu hapa. Simu anapiga kila Ijumaa, hakosi. Lakini mwaka huu Sharubu alikuwa amejiaminisha kwamba kwa miaka sabini atakuja. Mwezi wa tatu alipaka chokaa chumba cha binti, akabadilisha na bawaba za dirisha, sisi tukajifanya hatuoni. Basi siku yenyewe simu ikalia, akaipokea amesimama. Ikawa tiketi. Akacheka, tukacheka naye. Baadaye akasema neno moja tu, bila kunitazama: "Kaleta tiketi badala ya kujileta." Kwa hiyo msidhani asubuhi ile tulikuwa tunabishania basi. Tulikuwa tunabishania kama yule mtoto bado anampenda baba yake.

– Kakosea, alisema Mjerumani. – Haina haja ya kupasua kichwa. Kule Ulaya kila kitu wananunua kwa kidole gumba. Kaona picha ya mnara, kabonyeza. Labda alidhani ni Uturuki.

– Acha kutupiga kamba, Kadhi akasema. – Kwenye mnara ule Maida alianguka akiwa na miaka saba, kidevu kikashonwa. Mtu hasahau mnara uliompasua kidevu.

– Haya, wewe unasemaje?

– Mimi nasema ni mtihani, Kadhi akatamka, na akakiweka kikombe chini ili kutamka vizuri. – Wanataka kujua kama mzee bado anaweza kupanda ngazi. Mwongozaji anamwangalia goti, anamwangalia pumzi, jioni anapeleka habari Sweden. Akishindwa, wanakuja kumchukua, wanamtia kwenye nyumba ya wazee, analishwa viazi saa kumi alasiri na kuzimiwa taa.

– Mwongozaji gani? Si Ajna, mtoto wa mjukuu wa mwadhini? Huyo atapeleka habari gani?

– Hao ndio hatari. Wanakujua goti tangu zamani.

– Umechemsha, mzee. Mimi nitakwambia ukweli, na usiniulize nimeujuaje. Mjerumani aliinama kana kwamba mama wa makomamanga ni mpelelezi. – Nyumba inauzwa. Basi zima lile ni wanunuzi. Maida kawaweka humo na baba yake awazoee taratibu, asipate mshtuko. Wewe umewahi kuona mtu mwenye akili timamu anapiga picha komeo la mlango?

– Kila siku.

– Basi. Wanunuzi.

– Tangu nizaliwe wanapiga picha makomeo.

– Ndiyo ujue mpango ni wa zamani.

– Nyumba ni kitu kidogo, Kadhi akasema. Hakupenda kuzidiwa. – Kama mambo yenyewe ndiyo hayo, basi kimeuzwa kila kitu. Mlima, mnara, mto mpaka kule kwenye kona. Na sisi tumo. Benchi pamoja na vilivyo juu yake. Ndiyo maana kila kundi linatupiga picha. Wanahakiki mali.

– Wewe hakuna atakayekuhakiki. Watakurudisha.

Nikasema labda tusitafute mbali, labda mtoto alitaka tu kumshukuru baba yake. Wakanitazama kwa huruma. Kadhi akasema posta ndiyo iliyoniharibu, nimezoea kupeleka bahasha bila kujua kilichomo.

Basi likafika. Wakaanza kushuka, kofia na miwani na chupa za maji, kila mmoja na kibandiko cha njano kifuani. Katikati yao, amenyoa ndevu, amevaa koti la harusi na kibandiko chake, akashuka Sharubu. Alituona. Ni hatua chache tu.

– Ramiz, kahawa ya moto hii, Mjerumani akamwita. – Njoo.

Sharubu akainua mkono kidogo.

– Siwezi. Niko na kundi.

Na kweli akaenda na kundi. Ajna alisimama kwenye ngazi ya kwanza akaanza kueleza habari za mji kwa lugha mbili, na Sharubu akasikiliza amekunja mikono nyuma, anaitikia kwa kichwa, kama vile hajui kwamba pale anaposimama ndipo babu yake alipokuwa akifunga punda. Kisha akanyoosha kidole kuuliza.

– Samahani, dada. Nyumba ile yenye madirisha ya kijani anakaa nani?

Ajna hakupepesa macho. – Mzee mmoja mkarimu sana, mjomba, ila mbishi.

Kundi likacheka bila kujua limecheka nini. Wakapanda. Tukawaona wanapotelea kwenye kona ya ngazi, wanatokea juu, na mwisho koti jeusi la Sharubu likaonekana juu kabisa ya mnara, limesimama. Kadhi akawa hasemi tena habari ya goti.

Waliposhuka Ajna akawapa muda wa kununua matunda makavu, na hapo Sharubu akaja kwetu akitweta, ameongozana na bibi mmoja mwembamba mwenye mvi fupi. Jina lake Gerlinde, wa Graz, alikaa naye kiti kimoja tangu Dubrovnik. Walikuwa hawana lugha ya pamoja. Walikuwa wamekula biskuti za pamoja. Mjerumani akanyoosha kola yake akamkaribisha kwa Kijerumani chake cha karakana, nikammiminia kikombe. Kwenye sinia yetu kikombe cha mgeni hakikosekani, hata siku tusizotaka wageni.

– Haya, mtalii, Kadhi akasema. – Umeuonaje mji wetu?

Nilitegemea mzaha. Sharubu alifuta jasho kwa leso, na sauti ikamtoka chini.

– Mzuri, jamani.

– Mzuri?

– Sikuwahi kuuona. Nyinyi pia hamjauona. Sisi tukitoka Metković, ng'ambo ya mpaka, tunakuja tumelala, au tunalalamika bei ya dizeli. Leo yule mtoto Ajna akasema, sasa tazameni kulia. Nikatazama. Ile kona ya barabara ikafunguka, mji wote ukatokea kwa mara moja, na basi zima likasema aaa. Mimi nikasema aaa pamoja nao. Bibi huyu akanishika mkono, kwa sababu nilikuwa nalia kama mjinga. Na kule juu Ajna akawatobolea siri kwamba mimi ni wa hapa, watu wakaniambia una bahati, mzee, unakaa hapa. Wananipongeza kama vile niliujenga mimi. Nimemshukuru Mungu pale juu, jamani, nimeshukuru mpaka nimeishiwa maneno. Miaka sabini nalalamika ngazi.

Hakuna aliyemtania. Mjerumani alikuwa akimtafsiria bibi kwa sauti ndogo.

– Na Maida hakukosea, Sharubu akaendelea. – Ondoeni hilo vichwani, najua mmelijadili. Ajna kanionyesha alivyoagiza. Kaomba kiti cha dirishani, upande wa kulia, na kasema kisiwe cha upande mwingine. Mtu asiyetamani kuiona ile kona ataomba hivyo? Safari hii ni yake. Alichonunua ni kile anachokitaka mwenyewe, akanipa mimi.

Nilikuwa nimekaribia kupatia, lakini sikufurahi kushinda.

Bibi Gerlinde alikunywa kahawa, akauma sukari kama tulivyomfundisha, akafikiri. Kisha akauliza kitu kifupi. Mjerumani hakutafsiri.

– Anasema nini? Sharubu akauliza.

– Si kitu.

– Nezir.

– Anauliza kama wewe umewahi kumwambia aje.

– Aje wapi?

– Hapa. Nyumbani.

Kadhi akamhurumia mgeni. – Mweleze vizuri, asituone watu wa ajabu. Mwambie huku kwetu mtoto haalikwi kwao. Wa kualikwa ni mgeni. Ukimwalika mwanao umemtoa nje, umemwambia hii si nyumba yake. Mlango uko wazi, ufunguo anao, anaingia siku anayotaka. Ndiyo heshima yenyewe.

Mjerumani akatafsiri yote, hata mikono ya Kadhi akaitafsiri. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaonekana kulipenda jambo hilo. Kisha akauliza tena, maneno machache kuliko mwanzo.

Mjerumani akaweka kikombe chini.

– Anasema ni vizuri sana. Anauliza, na Maida anajua hivyo?

Yule binti aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akaenda zake kwenye nchi ambayo huendi kwa dada yako bila kupanga naye wiki mbili kabla. Nani alimweleza? Kila Ijumaa tulimsikia Sharubu hapa benchini, simu mkononi: usijisumbue mwanangu, njia ni ndefu, kazi ni kazi, mimi sijambo, sihitaji kitu. Sisi tukamsifu kwa ustaarabu wake. Nilijaribu kuyasikia maneno yale nikiwa mimi ndiye niliyeko Gothenburg, nimefiwa na mama, na baba kila wiki ananiambia nisijisumbue. Nikaona aibu, na wala sikuwa mimi niliyeyasema.

Ajna akaja kuwakusanya watu wake. Alitutazama nyuso mara moja, akageuka akamwashiria dereva azime injini.

Sharubu alitoa simu. Hajui kuizima spika. Ikibonyezwa inasikika mpaka kwa mama wa makomamanga. Ikaita muda mrefu.

– Baba? Umefika? Sauti ya Maida ilikuwa na haraka, na kengele ya tramu nyuma yake. – Niambie. Ulikaa upande wa kulia?

– Nilikaa.

– Uliiona kona?

– Niliiona, mwanangu. Ahsante. Sijawahi kupewa kitu kama hiki tangu nizaliwe.

– Unalia?

– Hapana. Maida, sikiliza. Nikaona jinsi lile neno lilivyokuwa geni kinywani mwake, mtu wa miaka sabini. – Njoo.

Kengele ya tramu ikalia mara moja, ikaacha.

– Nilidhani hutaki nije, Maida akasema. – Nilidhani ukiniona unamkumbuka mama, na unaumia.

– Nakuomba. Njoo nyumbani.

– Lini, baba?

Wanaume tuliokuwa tumeuza mji mzima kabla ya kahawa ya pili tukawa tunatazama viatu vyetu. Sharubu alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa amesubiri miaka sita na hakuwa na tarehe hata moja ya kutaja.

– Tini zinaiva mwezi wa nane, nikamnong'oneza. Ndilo nililoweza.

Akatikisa kichwa kunikatalia, akaileta simu karibu na mdomo.

– Njoo tini zingali mbichi.