Risala ya Wachapaji wa Jengo la Viberiti Kumhusu Dada Usizime

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni inayotengeneza programu tunayopangia kurasa zetu, maofisa ulioongozana nao, Mwenyekiti wetu, wachapaji wenzetu, na wateja mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: tunawasalimu.

Ukaribisho

Umeingia kwenye korido yetu ukiinama, kwa sababu bomba la zamani bado linapita juu ya kizingiti na kila mwaka tunasema tutalitoa. Utusamehe. Ukisikia harufu ya kiberiti usishtuke, hakuna kinachoungua. Hapa palikuwa kiwanda cha viberiti kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mvua ikinyesha mbao za sakafu hukumbuka kazi yao ya kwanza.

Barua ya ofisi yako ilisema unakuja kutukabidhi cheti cha Jengo Lisilo na Nakala za Wizi. Tunashukuru kwa moyo mmoja, na ukuta wa kukitundika tumeshaupaka rangi. Tunaomba tu kwamba kabla hujatukabidhi, usikilize jinsi tulivyokipata. Tunahofia kampuni yako haijui.

Tulikotoka

Mgeni rasmi, sisi wenye umri mkubwa humu tulianza na mashine za kupiga chapa. Korido hii ilikuwa na kelele kiasi kwamba mteja mwenye siri alituandikia kwenye kikaratasi badala ya kusema. Kompyuta ya kwanza iliingia chumba namba nne, kwa Baba Kadi, ambaye leo ndiye Mwenyekiti wetu na ambaye amechapa kadi za harusi za karibu nusu ya watu waliomo humu. Aliifunika kitambaa cha kudarizi. Tulivua viatu kuingia. Mtu akipiga chafya, Baba Kadi alimtazama kama aliyetukana wazazi wake.

Programu yenu ilifika Jumamosi moja mikononi mwa mtu tuliyemwita Mwalimu Diski. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, na alikuja na diski kumi na moja ndani ya kopo la biskuti, kila moja na namba yake kwa mwandiko wa ubaoni. Ya kwanza mpaka ya nane ziliingia bila shida. Ya tisa ilikuwa na mkwaruzo. Ikigoma, unaanza upya kutoka ya kwanza, na tulianza upya mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri mbele ya wageni. Mwalimu hakumtoza mtu. Alihama chumba hadi chumba akitufundisha kupanga safu, kukaza picha pembeni, kuacha nafasi kuzunguka maandishi. "Ukurasa ukiujaza sana," alikuwa akisema, "msomaji anakosa pa kuweka macho."

Hatukuuita wizi. Tulisema tumeazima. Tuliazima miaka kumi na minne.

Hatujitetei, kosa ni kosa. Lakini siku zile hapakuwa na duka lililouza programu yenu mahali ambapo mtu angekwenda na kurudi siku hiyohiyo, na bei yake ilizidi kodi ya chumba ya mwaka mzima. Tungeweza kujifunza programu ya wengine. Tulijifunza yenu, tukawafundisha wadogo zetu yenu, na mteja akituuliza imechapwa na nini, tuliitaja kwa jina na kwa majivuno. Mwalimu Diski alipofariki, ratiba ya mazishi yake tuliipanga kwa programu hiyohiyo, tukaacha nafasi nyingi kuzunguka jina lake. Miaka ile tunaikumbuka kwa mapenzi, hata kama mbele yako tungepaswa kuikumbuka kwa aibu. Tulikuwa wengi kwenye kompyuta moja, na tulicheka sana.

Mafanikio

Hapa risala zote hueleza mafanikio. Sisi tutaanza na jambo ambalo halikuwa mafanikio.

Mlituma wakaguzi. Walikuja na gari la kijivu asubuhi ya siku ya kazi, wakaingia vyumbani bila kubisha, wakaondoka na kompyuta sita. Mama Mitihani, mama yetu anayechapa mitihani ya shule, alikuwa na karatasi za shule tatu ndani ya moja ya kompyuta hizo. Aliwafuata hadi kwenye gari akiwaomba wamtolee mitihani tu, kompyuta waende nayo. Hawakumsikiliza, na watoto wale walifanya mtihani ulioandikwa ubaoni. Mwaka ule, mgeni rasmi, hakuna hata mmoja wetu aliyenunua leseni. Wanne waliacha programu yenu kabisa. Waliobaki walinunua makufuli ya milango.

Sasa mafanikio. Mwaka uliofuata, siku moja mchana, familia moja ilikuwa mlangoni kwa Baba Kadi ikisubiri ratiba ya mazishi ya mama yao. Maziko yalikuwa saa kumi. Saa saba na nusu picha ya marehemu ikapotea kwenye ukurasa na maandishi yakageuka vijisanduku. Baba Kadi alijaribu kila alichojua. Kisha akaiona namba ya simu ya msaada, ile iliyokuwa chini kabisa ya programu yenu miaka yote na ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kuipiga. Alituambia baadaye kwamba aliipiga kama mtu anayejipeleka mwenyewe kituoni.

Akapokea dada mmoja. Mazungumzo yao tunayajua kwa moyo, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika na sisi tulikuwa tumejazana mlangoni.

"Dada, programu imenigomea, na hapa nina watu wa msiba."

"Usizime kwanza. Uko ukurasa wa ngapi?"

"Wa pili. Lakini dada, nikwambie ukweli tu, hii nakala yangu siyo ya…"

"Nimekuuliza ukurasa, baba, sijakuuliza nakala. Nani amefariki?"

"Mama yao. Wako hapa mlangoni."

"Wape viti wakae. Mimi na wewe tufanye kazi."

Walifanya kazi dakika hamsini. Picha ilirudi. Mtoto wa marehemu alipoiona alishika ukingo wa meza akalia, na yule dada, aliyekuwa akimsikia kwenye simu, alimngoja amalize. Ratiba zilifika makaburini zikiwa bado na joto la printa. Kabla ya kukata simu, dada alisema, "Siku ukitulia, nipigie nikueleze namna ya kulipia kwa mwezi. Leo siyo siku yake."

Mpango huo wa kulipia kwa mwezi, mgeni rasmi, mlikuwa nao miaka mitatu. Wakaguzi hawakututajia.

Tangu siku ile tulimwita Dada Usizime. Tulimpigia sote, wenye leseni na tuliokuwa bado tunaazima, na neno lake la kwanza halikubadilika. Alikumbuka nani ana printa ya kizee na nani haoni vizuri maandishi madogo. Alimwambia Mama Mitihani kwamba ukilipia, kompyuta ikiibwa au ikiungua unarudishiwa programu yako, kazi inaendelea. Mama Mitihani alilipa wiki hiyohiyo, akakiweka kikaratasi cha malipo nyuma ya simu yake na kukionyesha hata kwa wasiouliza. Jengo hili lina vyumba thelathini na kimoja. Katika miaka miwili vyumba ishirini na sita vililipia, wale wanne walioacha nao wamerudi, na mwezi uliopita chumba cha mwisho kililipia.

Hicho ndicho cheti ulichotuletea. Hatukukipata kwa kuogopa gari la kijivu. Tulikipata kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetuhesabu kuwa wateja kabla hatujawa.

Changamoto

Changamoto yetu ni moja, na tuliitengeneza wenyewe.

Sisi ni watu wa makaratasi. Mtu akitufaa, tunamwandikia. Vyumba vilipofika ishirini na sita tulikaa kikao tukakubaliana kuiandikia kampuni barua ya kumpongeza Dada Usizime, ili apandishwe cheo. Tuliipanga vizuri kuliko kadi yoyote ya harusi. Tuliweka muhuri. Na kwa kuwa tulitaka mwone ukubwa wa kazi yake, tukaambatanisha jedwali: chumba, tarehe aliyotusaidia, tatizo lilikuwa nini, alitumia dakika ngapi. Kulikuwa na safu ya mwisho, aina ya nakala. Mtu mmoja alishauri ile safu iachwe wazi. Akajibiwa kwamba barua ya heshima haitumwi na jedwali lenye mapengo. Basi tukaijaza. Mistari thelathini na minane iliandikwa "ya kuazima".

Mgeni rasmi, aliyejibu hivyo ni mimi Katibu ninayekusomea. Hiyo barua niliichapa mimi.

Wiki tatu baadaye, kwenye simu ya msaada ilikuwapo sauti nyingine iliyotaka namba ya leseni kabla ya salamu. Tukauliza Dada yuko wapi. Tukaambiwa hayupo tena. Mwezi uliofuata hata sauti hiyo iliondoka, ukabaki muziki.

Tulijua yaliyotokea pale yeye mwenyewe aliponipigia mimi Katibu kwa simu yake ya mkononi. Alisema, "Nimesomewa barua yenu ofisini. Mmeniandikia vizuri sana, asanteni." Nikamuuliza wakubwa wake walisema nini. Akasema, "Waliisoma ile safu ya mwisho kwa sauti. Mistari yote." Hakulaumu. Aliuliza kama printa ya Baba Kadi bado inakwama, akaniaga. Tulitaka kumpandisha, tukamwaga unga wake kwa mikono yetu na kwa muhuri wetu. Hilo linatuuma kila siku, na hatuna namna ya kulisema kwa lugha ya ofisi.

Maombi

Tuna maombi madogo, tutayapitisha haraka. Tunaomba kazi zetu za zamani zisifungiwe nje na toleo jipya, kwa sababu zimo nyuso za watu ambao familia zao hazina picha nyingine. Tunaomba mpango wa mwezi utangazwe, ili majengo mengine yasisubiri msiba kuujua. Na wakaguzi, wakija, wabishe hodi.

Ombi kubwa ni Dada Usizime.

Safari hii hatukuandika bila kumuuliza. Tulimwomba ruhusa ya kumtaja mbele yako. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alicheka, akasema, "Haya semeni. Ila msiweke jedwali." Kwa hiyo tunachokueleza sasa tunakueleza kwa ridhaa yake.

Ofisi yako inaamini kwamba aliondoka kazini miezi saba iliyopita. Muziki wa simu yenu ni mzuri, lakini hautatui tatizo la ukurasa, na sisi tuna wateja mlangoni. Mtu wa kwanza kumpigia kwenye namba yake alikuwa Mama Mitihani, usiku wa kuamkia mitihani, akiomba radhi kila baada ya neno. Alichojibiwa ni kile kile: "Usizime kwanza." Tangu hapo anatupokea sote. Yuko nyumbani kwa dada yake, jikoni, ameegemeza simu kwenye kopo la chumvi, na tunasikia sufuria nyuma ya sauti yake. Tukitaka kumtumia chochote anakataa. Anasema sisi tumeshalipia msaada.

Na kweli tumelipia. Tumewalipia ninyi.

Mgeni rasmi, kila mwezi mnapokea malipo ya vyumba thelathini na kimoja kwa kazi inayofanywa na mtu mliyemwachisha kazi. Chumba kile cha mwisho kililipia mwezi uliopita kwa sababu yeye, akiwa hana mshahara wenu, alimkalisha mwenye chumba kwenye simu kwa nusu siku akamweleza kwa nini nakala halali ni bora. Jana saa tisa alasiri programu ilikwama tukiwa tunachapa ukurasa wa mwisho wa risala hii, na nakala iliyo mkononi mwako imetoka kwenye printa kwa sababu alipokea.

Kwa hiyo hatukuombi umrudishe kazini, maana kazini hajaondoka. Tunaomba alipwe.

Mwenyezi Mungu akupe safari njema ya kurudi na sikio litakalokumbuka. Awabariki walio chini yako na wale ambao majina yao hayapo tena kwenye orodha yako. Ni sisi, kwa heshima na kwa kuomba radhi,

Umoja wa Wachapaji na Wenye Steshenari wa Jengo la Viberiti.