Koti Jekundu

Benchi langu liko mbele ya duka la fundi viatu, na anayelikalia anunue kahawa; kivuli si cha bure. Asubuhi ile walikuwapo wale wale: Cherehani, fundi nguo anayejua kila kitu isipokuwa siku ya kumaliza nguo ya mtu, Breki, dereva mstaafu, na Sikio, asiyeona, aliyekuwa opereta wa simu, anayemtambua mtu kwa kikohozi tu. Kesho yake Sikio alikuwa anapanda ndege kwenda kwa binti yake, aliyepelekwa ng'ambo na mama yake kabla hajang'oka meno ya utoto. Fimbo nyeupe mapajani, miwani yenye kamera usoni. Simu yake inayosoma kwa sauti ndiyo iliyoanzisha ugomvi. Ilisoma: "Baba, nitakusubiri mlango wa kutokea. Nitavaa koti jekundu."

— Koti jekundu! — Breki akaguna. — Mtoto kasahau kuwa baba yake haoni?

— Hajasahau, — Sikio akadakia. — Anajua miwani yangu inataja rangi.

— Inataja kwa lugha gani? — akauliza Cherehani. — Ikivuka mpaka tu, itaanza kusema ya wenyeji. Utabaki umeduwaa.

— Simu yangu, miwani yangu. Vinasema ninavyotaka mimi.

— Na fimbo je? Watakunyang'anya wakidhani silaha!

— Fimbo si kitu, — akasema Breki. — Balaa ni hiyo miwani. Inachokiona, serikali yao inakiona. Ukiinamia chungu cha mwanao, waziri keshajua mnakula nini.

— Waziri ana njaa gani? — nikamuuliza. — Kunyweni kahawa.

— Bibi, usicheke. Mimi nashona. Jekundu lina aina: la damu, la matofali, la nyanya. Miwani ikikosea, mzee wa watu atampita mwanawe!

— Au akumbatie mzimamoto, — Breki akamalizia, — abebwe mpaka kwenye moto!

Tukacheka, hata Sikio. Ila mikono yake ilikuwa inaikunja fimbo na kuikunjua, inaikunja na kuikunjua.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake alikuwa amesimama hapo, kimoja mguuni, kingine mkononi.

— Samahanini, wazee wangu. Si binti amwite tu? Kwani sauti yake ikoje, baba?

Sikio akaipapasa simu yake.

Mtoto yule huona haya kuitamka lugha yetu, kwa hiyo huandika. Miaka yote simu ndiyo imekuwa ikimsomea Sikio ujumbe wake, kwa sauti ile ile inayomsomea habari za mvua na tangazo la kukatika umeme. Breki akatazama viatu vyake. Cherehani akageuzageuza kikombe chake.

— Soma tena, — Sikio akaiambia simu.

"Baba, nitakusubiri mlango wa kutokea."

Akaibana sikioni, akainama, kama zamani akimtafuta mtu nyuma ya kelele za waya.

— Tena.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Sikuwaambia.