Karata za Bibi wa Diani na Posa ya Othman

Mwaka ule wa kwanza wa Uhuru, benchi la Msambweni lililoegemea ukuta wa kinyozi Othman lilikuwa na wenyewe. Mimi, Iddi, nilikuwa nikiuza kahawa hapo kila baada ya sala ya alasiri. Kwenye ncha moja alikaa Mbwana, tuliyemwita Serikali kwa kuwa alipata kuwa tarishi wa ofisi Kwale na hakukubali tusahau. Kando yake Rai, tuliyemwita Hakika. Hakuwa nayo, lakini aliitaja kila alipofungua kinywa. Othman alisimama mlangoni na wembe wake. Alikuwa mnyonge siku zile. Tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi baada ya Ramadhani, alipotuambia anataka kumwoa Mwanamkuu, mjane wa Munje anayepika mikate ya mofa, huko Munje kulikuwa kimya. Mwezi mzima: si ndiyo, si la.

Alhamisi moja akaja Ngui, Mkamba wetu, tuliyemwita Pasi maana alikuwa akipiga pasi nguo za hoteli Diani. Akaweka bahasha juu ya benchi.

— Yule bibi Mzungu amerudi kwao, akasema. Ameniachia karata zake za kutazamia mambo. Pakiti tatu.

— Astaghfirullahi! akasema Mbwana. Ramli hiyo. Hebu nizione.

Akazitandaza. Pakiti ya kwanza ilikuwa ndogo kama kiberiti, maandishi matupu. Ya pili ilikuwa na vikombe, panga, fimbo na sarafu, vimepangwa safu safu. Ya tatu ilikuwa kubwa, na kila karata ilikuwa na picha ya watu wakifanya jambo.

Othman akaacha mteja wake na povu la sabuni upande mmoja wa shavu.

— Zinaweza kusema habari za mtu aliye mbali?

— Bibi alikuwa anasema zinaweza, akajibu Ngui. Lakini lazima uchague ile rahisi kusoma.

— Basi ni hii ya maandishi, akasema Mbwana. Serikali haifanyi jambo bila maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

— Umeyajua maandishi yenyewe? akauliza Ngui.

Mbwana akaigeuza karata juu chini.

— Hiki si Kiingereza cha ofisi.

— Hakika ni hii ya vikombe, akasema Rai. Unahesabu tu. Vikombe vitano, siku tano. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na panga tisa je? akauliza Othman.

— Siku tisa za vita.

— Mimi naposa, Rai, sipigani!

— Bibi mwenyewe alipenda hii ya picha, akasema Ngui. Alisema aliyeanza juzi na aliyeanza zamani wote wanaiweza. Unatazama, unasema unachokiona. Hapana kukariri.

Tukakubaliana. Othman akapangusa mikono kwenye aproni, akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akavuta tatu.

Ya kwanza: mwanamke ameketi ufuoni, ameshika kikombe.

— Mwanamkuu huyo! nikasema mimi. Anakunywa kahawa.

Ya pili: mtu amening'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Mbwana. Na mkuu ni Mwanamkuu. Limo mpaka jina.

— Lakini uso wake umetulia, akasema Ngui. Labda amepumzika.

Ya tatu: mnara unapigwa na radi, watu wanaanguka madirishani. Rai akashika kidevu.

— Hakika yake nimeipata. Hii ni nyumba ya ghorofa. Kuna mtu wa Jego anamjengea ghorofa.

— Jego hakuna ghorofa, nikasema.

— Ndiyo maana inaanguka! Haijaisha.

— Tena ana jamaa serikalini, akaongeza Mbwana. Fundi hajengi mnara bila kibali. Itakuwa ni diwani, ana motokaa, na harusi imekwisha kuandikwa.

— Na watoto wawili hawa wanaoanguka ni wake wa zamani, akasema Rai.

Walikuwa wakicheka, lakini Othman hakucheka. Nilimwona akikunja wembe polepole.

— Basi, akasema. Anayekwenda Munje kesho anifikishie salamu. Mwambieni nimejiondoa. Sitaki kumbana mtu na ghorofa lake.

Hapo akatokea mama mmoja na kapu la ukindu kichwani, anatafuta mkasi wa kununua. Tulimfahamu kwa sura: Kadzo, jirani ya Mwanamkuu.

— Hamjambo wazee wangu. Mbona kama pana msiba?

— Hatujambo, mwanangu, akasema Mbwana. Ni ile posa ya Othman. Mwezi mzima jirani yako hajajibu.

Kadzo akatua kapu.

— Posa? Mimi kwa Mwanamkuu nashinda kutwa. Mshenga wenu alikuwa nani?

Mbwana akamtazama Rai. Rai akamtazama Mbwana.

— Si ulisema utakwenda Jumapili ile?

— Mimi? Nilisema tutakwenda. Nikajua umekwenda wewe, mtu wa serikali.

— Mimi nilijua umekwenda wewe, mtu wa hakika.

Wakanigeukia. Nikapuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

Othman alitaka kukasirika. Kinywa kilifunguka, kikatoka kicheko, akacheka mpaka akaegemea ukuta na machozi yakamtoka. Kisha akarudi ndani, akamaliza shavu la pili la yule mzee wa watu, akajinyoa na yeye.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tulikwenda Munje wote, Ngui naye na suruali yake yenye mikunjo mikali. Tukaketi kwenye jamvi la Abdalla, kaka yake Mwanamkuu. Mbwana alijitayarishia hotuba ndefu. Hakufika nusu. Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mwanamke, haina haraka:

— Shikamooni. Mzee Mbwana, usijichoshe. Maneno ya benchi lenu hufika Munje; jibu ninalo tangu Mfungo Mosi. Nilikuwa nangoja swali.