Gwilym Prosser na Kona ya Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na mwenye chai asiiache ipoe. Leo tunamkumbuka Gwilym Prosser wa hapa Cwm Helyg, dereva wa gari la posta aliyestaafu, aliyefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Gwilym Prosser, mume wa Enid, baba wa Nerys. Mtu asiyetulia. Nikimzungumzia hata mimi situlii, na fundi mitambo ananikonyeza niache kuzungusha kiti.

Gwilym alikuwa akila amesimama. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, mguu mmoja nje. Na alikuwa na gari la michezo la viti viwili, la kijani, kuukuu, ambalo hakuliacha lipumzike hata Jumapili. Mnalijua. Wengine wenu liliwarushia matope.

Kila kiangazi klabu yetu hupanda mlima kwa magari ya zamani, dereva na msoma ramani. Msoma ramani wa Gwilym alikuwa Enid, tangu hawajaoana. Ukisimama kwenye kona ya mashine ya kupasulia mbao ulimsikia kabla hujaliona gari. "Kushoto, Gwilym! Kushoto! We mwanaume, kushoto ni upande niliokaa mimi!"

Sasa Enid akaanguka kwenye ngazi, akafanyiwa upasuaji wa mgongo. Akapona, lakini lile gari hakuliweza tena. Gwilym alikuwa amefunga springi ngumu kama sisi wote klabuni, maana hapa kwetu mtu akisikia mashindano anakimbilia springi ngumu kuliko zote dukani. Barabara yetu ina mashimo na mizizi. Springi ngumu haizami shimoni, inaruka. Gari linaruka, matairi yanaacha ardhi, na mgongo wa aliyekaa ndani unalipia.

Enid akamwambia, "Nenda peke yako. Mtafute hata Tegwyn akusomee ramani."

"Tegwyn hajui kusoma hata saa ya ukutani," akasema Gwilym. "Kiti ni chako. Usipokaa wewe, mlima nauacha."

Hiyo ndiyo kazi aliyojipa, wasikilizaji wapendwa. Kumrudisha Enid kwenye kiti chake.

Akaanza upya. Kwanza springi, kwa sababu springi ndiyo inayobeba uzito. Halafu shokapu, kwa sababu shokapu ndiyo inayoituliza springi isirukeruke. Ukikosea springi, shokapu haitakuokoa. Alirudia kuniambia hayo dukani, barabarani, mpaka msibani kwa mjomba wangu. Alifunga springi laini, gari likalala kwenye kona kama kitanda. Akafunga ngumu kidogo. Akakaza shokapu, gari likawa zito kuinuka. Akalegeza. Tegwyn, rafiki yake wa miaka yote, alipita akamcheka. "Bwana, unatengeneza gari au unapika uji?"

"Pita zako, Tegwyn! Gari lako likipita kwenye shimo, meno yako yanabaki nyuma."

Gari kama hili, wasikilizaji, hupimwa likiwa na watu ndani. Gwilym hakutaka kumchosha Enid, kwa hiyo alimuuliza uzito wake ili aweke viroba vya mchanga mahali pake. Enid alikuwa jikoni, hakugeuka. "Kilo sitini na nane. Kama siku zote."

Akapakia mchanga wa kilo sitini na nane upande wa kushoto, akapanga springi na shokapu mpaka bodi ikasimama sawasawa. Akalipeleka gari kwenye barabara mbaya ya machimbo. Likapita kimya. Nerys, binti yao, ananiambia baba yake alirudi anaimba.

Siku iliyofuata akamwita Enid. Enid akaja na sweta mbili na koti, akakaa. Gwilym akapiga magoti, akapima kwa futi toka chini mpaka kwenye madigadi. Kona ya kushoto ya gari ilikuwa juu. Nusu ya upana wa kidole. Kwangu mimi na wewe hicho ni kitu kidogo. Kwa Gwilym huo ni ugomvi.

Akalitikisa gari. Akapima tena. Akamshusha Enid, akarudisha mchanga, gari likakaa sawa. Akampandisha Enid, kona ikainuka. Tegwyn akasema, "Springi mbovu hiyo, irudishe dukani." Gwilym akaifungua, akafunga nyingine. Kona ikainuka vilevile. Alizunguka gari lile akijisemea, akapiga jeki teke, akajiumiza kidole.

Halafu akamshusha Enid kwa mara ya mwisho na kurudisha viroba, akawa anatoa kimoja kimoja, anapima. Kona ilipofika kimo kile ilichokuwa nacho Enid akiwa amekaa, akahesabu mchanga uliobaki kitini, kilo hamsini na tatu. Nerys anasema hapo ndipo alipomwona baba yake ametulia, na akaogopa.

"Enid," akasema, "kilo kumi na tano zimekwenda wapi?"

"Koti limepungua."

"Enid."

"Mimi si springi, Gwilym! Usinipime!"

Lakini alikuwa ameshaanza kulia. Miezi mingi chakula kilikuwa hakipiti. Alikuwa akimpa mbwa sahani yake na kusema ameshiba. Alihisi kitu tumboni, akanyamaza, kwa sababu mama yake aliingia hospitali na kitu kama hicho na hakutoka. Sweta zile mbili zilikuwa za kutuficha sisi, na Gwilym zaidi ya wote, mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Hilo linaniuma kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Gwilym alitaka kufoka. Nerys anasema alijizuia, akashusha viroba vilivyobaki kitini. Akasema, "Panda. Kaa kwenye kiti chako." Akachukua ufunguo, akampeleka hospitali na gari lilelile, mikono ina grisi, kwa barabara ya mashimo, na Enid hakulalamika mgongo njia nzima.

Uvimbe ulikuwepo. Ulikatwa mapema. Narudia, wasikilizaji wapendwa, ulikatwa mapema, na Enid yuko hai, ananisikiliza sasa hivi.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa klabu, Gwilym alipanda juu ya benchi akapiga kelele, "Jamani! Mke wangu amenenepa! Natafuta springi ngumu zaidi upande wa kushoto!" Enid alificha uso kwa kofia. Tulipiga makofi mpaka mwenye baa akaja kutazama kuna nini. Walipanda mlima pamoja miaka sita baada ya hapo, hawakushinda hata mara moja, na Gwilym hakuacha kubadilisha shokapu.

Enid, Nerys, pokeeni pole zetu, za Cwm Helyg yote na za klabu. Na wewe unayesikiliza, jioni ya leo mtazame mtu wako anavyokula. Mtazame kweli. Akisema ameshiba, muulize tena, hata akikasirika.

Jumamosi tunapanda mlima. Enid amesema gari la Gwilym ataliendesha yeye, peke yake. Jana Tegwyn alikwenda kuliandaa, akakuta Enid ameshaingia, upande wa usukani, na kona ya kushoto imebaki juu kwa sababu kiti hakina mtu. Akatoa spana. "Nikulegezee hapa, dada, likae sawa?"

Enid akamshika mkono. "Usiguse, Tegwyn. Acha liiname. Mtu wangu hayupo, kwa nini likae sawa?"