Kikombe Alichokunywa Sista Rasmiya

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu nyote hapa Karak na vijiji vyake. Leo tunamkumbuka Sista Rasmiya Dhunaibat. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa muuguzi, kisha mwalimu. Na ndiye aliyeanzisha hapa kwetu mpango wa kubadilishana wanafunzi wa afya na vyuo vya nje ya Jordan.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Wanafunzi wanne, mgonjwa mmoja. Anayesomea udaktari, anayesomea uuguzi, mfamasia, na wa mazoezi ya viungo. Wawili wetu, wawili wageni. Kazi zote walifanya pamoja, hata zile ambazo madaktari huzikimbia. Laith, kijana wa udaktari, alijaribu kukwepa siku ya kwanza.

“Sista, mimi nasomea udaktari.”

“Na mgonjwa anasomea nini? Shika beseni, mwanangu.”

Akalishika. Sheria ya Sista ilikuwa moja tu: akikosea mmoja, mmekosea wote. Aliirudia mpaka wanafunzi wakawa wanaiigiza kwa sauti yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye jambo lililomkaa moyoni. Ni miaka kumi na minne iliyopita. Haj Mutlaq, mfugaji wa kondoo wa upande wa Qatrana, alikuwa na kisukari na kidonda mguuni. Vidole viwili vilikuwa vimeoza. Vikikatwa mapema, mguu unapona. Haj akakataa, akatoka wodini akarudi kwake. “Nimezaliwa navyo, nitazikwa navyo,” alisema.

Sista akawapakia wanafunzi wake wanne garini, wakamfuata. Alikwenda na ombi, na sote tunajua ombi linavyopelekwa. Kahawa inamiminwa, mgeni anaweka kikombe chini, hanywi. Mwenyeji anauliza, “Mna haja gani?” Akiikubali haja, ndipo inanyweka.

Kahawa ikamiminwa. Sista akaweka chake chini. Laith akaweka chake. Lakini Kerttu, mwanafunzi wa ufamasia kutoka Ufini, binti wa miaka ishirini na miwili aliyefunzwa kwao kwamba chakula cha mwenyeji hakiachwi, alikunywa chote akashukuru kwa Kiarabu chake cha wiki mbili.

Laith alitumbua macho. Hakuna aliyemwambia yule binti. Sista alikuwa amemfundisha mengi, lakini hili hakulifundisha, kwa sababu kwake halikuwa somo. Nani asiyelijua?

Haj Mutlaq akacheka, akamwita Sista kwa jina la bintiye. “Haja yenu imekwisha, Mama Ruwaida. Mgeni wako kesha kunywa.”

“Huyo ni mgeni, Haj. Hajui.”

“Kule wodini ulisema nini? Akikosea mmoja, mmekosea wote. Nilikuwa kitandani, siyo kaburini. Nilisikia.”

Laith akamgeukia Kerttu, ameiva kwa hasira. “Umeona ulichofanya?”

“Wewe, nyamaza,” Sista akamwambia. Akainua kikombe chake, akanywa. Akawaambia wote wanywe. Wakaaga, wakaondoka, na haja haikusemwa.

Siku kumi na moja baadaye Haj Mutlaq aliletwa hospitali ana homa kali. Kukata vidole tu hakukutosha tena. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Kuanzia mwaka ule somo la kwanza la wageni lilikuwa kahawa, hata kabla ya kunawa mikono. Kerttu aliandika barua kila mwaka, na Sista alimjibu kila mwaka. Lakini kwa Haj Mutlaq hakukanyaga tena, wala kitandani kwake wodini, wala nyumbani kwake. Ruwaida, binti wa Sista, anasema mama yake alirudia maneno yale yale hadi wiki ya mwisho: “Siku ile nilikunywa mguu wa mtu.”

Wasikilizaji wapendwa, Haj Mutlaq yu hai. Alikuja matangani kwa mguu wa bandia na fimbo. Ruwaida akamweleza. Mzee akasema, na Ruwaida ametuomba tuyataje maneno yake kama yalivyo:

“Mimi nilitaka kuona kama atamtupia lawama yule mtoto ili ajiokoe. Hakumtupia. Ndiyo maana homa ilipokuja nikawaambia wanangu, nipelekeni kwa yule mama. Bila hivyo ningefia kwenye mkeka wangu. Mbona hakuja kuniuliza?”

 

Tunampa pole Ruwaida, ndugu zake, ukoo wote wa Dhunaibat, na wanafunzi wa Sista waliotawanyika nchi na nchi. Mungu amrehemu. Nasi tuliobaki tujiulize ni nani tunayemkwepa kwa kosa ambalo pengine yeye halihesabu kuwa kosa. Kutoka hapa mjini hadi kwa Haj Mutlaq ni dakika arobaini kwa gari. Sista Rasmiya alishindwa kwenda kwa miaka kumi na minne, na kule alikuwa anaombewa dua kila Ijumaa.