Idwal Beynon na Mlango wa Klabu

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na muziki. Idwal Beynon ametutoka. Amefariki Jumapili, nyumbani kwake hapa hapa Cwmhelyg, akiwa na miaka themanini na sita. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Idwal Beynon, winga wetu, hatunaye tena.

Alichimba makaa ya mawe wiki nzima. Jumamosi alicheza raga, hii yetu ya watu kumi na watano, bila malipo. Akavaa jezi nyekundu ya Wales mara nne. Dada yake Nesta aliniambia jana: "Mchezaji wa taifa zima, lakini jezi anairudisha kwenye mfuko wa viazi! Anaogopa mama ataona matope."

Halafu baba yao, mzee Tomos, akaanza kukohoa vumbi la mgodi. Klabu moja ya kaskazini mwa Uingereza, kule kwenye raga ya watu kumi na watatu, ile ya kulipwa, ikamtaka Idwal. Akaenda. Mzee Tomos hakushuka tena mgodini. Kumbukeni hilo, wasikilizaji. Alikwenda kwa ajili ya baba yake.

Na sisi je? Mtu "akienda kaskazini" tulishusha sauti, kana kwamba amefungwa jela. Picha yake iliteremshwa klabuni jioni ileile. Alifungiwa maisha, maana sheria ya raga yetu ilikataza kulipwa: asicheze huku, asifundishe, asikanyage klabuni. Kule alicheza misimu kumi na mmoja, akabeba kombe, akavunjika mtulinga mara mbili. Wenzake walimwita Mchungaji, kwa sababu hakutukana hata akikanyagwa uso. Sisi hatukuuliza hata matokeo.

Mzee Tomos akafa. Tuliimba kanisani mpaka madirisha yakatetemeka. Chai ya matanga ikawa klabuni, maana nyumba yao ilikuwa ndogo. Idwal akafika mlangoni na suti nyeusi. Katibu wa klabu, Haydn Pugh, rafiki yake tangu utotoni, akamzuia.

"Pole sana, Idwal. Lakini humu huingii."

"Haydn, we! Huu ni msiba wa baba yangu!"

"Najua, ndugu yangu. Jeneza si nimelibeba mimi? Sheria si yangu."

"Basi mwambie mama nipo hapa nje."

Nesta akamtolea sahani ya mikate ya nyama. Akala amesimama, mvua inamnyeshea. Ndani tulijaa hadi ngazini. Hakuna aliyetoka kusimama naye. Naona aibu kulisema hili hewani, lakini lisiposemwa leo, litasemwa lini?

Miaka mingi baadaye kifungo kikafutwa. Picha ikarudishwa ukutani. Idwal alikuwa amesharudi kuishi hapa, na kila Jumamosi alitazama mechi akiwa barabarani, nyuma ya uzio. Vijana wakimwita, "Mzee, ingia bwana, utaloa!", anacheka: "Niacheni, huku nje nimeshapazoea." Nasi tukacheka naye. Tulidhani anatania.

Juzi klabu ilimwomba mjane wake, Mair, chai ya matanga ifanyike klabuni, kwa heshima zote. Nawapa jibu lake kama alivyonipa: "Nawashukuru, sina kinyongo na mtu. Lakini mume wangu ataagwa nyumbani kwake. Nyumba ndogo, ndiyo. Wengi mtasimama nje."

Ibada ni Alhamisi, saa nane mchana. Narudia: Alhamisi, saa nane mchana. Pole sana Mair, pole Nesta, poleni watoto na wajukuu. Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajiulize leo anamfungia nani mlango, huku akisema sheria si yake.

Kabla sijaingia studio, Haydn Pugh alinipigia simu. Siku hizi anatembelea mkongojo. Aliniomba nimuulizie kama anaweza kufika. Nikamuuliza Mair. Akasema: "Mwambie aje. Na yeye asisimame nje, mvua itamuua. Aingie ndani, akae na familia."

Nilimpa Haydn jibu hilo. Alikata simu bila kuaga.