Maisha ya Mwalimu Generosa Ndahani, Mlezi wa Gazeti la Ukutani Migungani

Ndugu waombolezaji, poleni. Mimi ni Violeth, mdogo wake marehemu, wa kumfuata. Dada hakupenda sifa za msibani. Alikuwa akisema mtu akifa, hata aliyekuwa mgomvi wa mtaa mzima anageuka malaika. Kwa hiyo nitamsema kama alivyokuwa, na akinisikia asinune. Naomba radhi pia kwa kuchelewesha nakala hizi. Mpaka jana jioni ukoo ulikuwa haujakubaliana jambo moja, kama tuandike kwamba marehemu ameacha mtoto, au tuandike kwamba hakujaliwa.

Mwalimu Generosa Ndahani alizaliwa Bihawana tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa mzee Petro Ndahani na mama Salome, ambao wote wametangulia. Alichunga mbuzi huku amenibeba mgongoni, na mama alisimulia kwamba akichoka alinishusha chini na kunigombeza kwamba na mimi nina miguu, nitembee. Wakati huo sina hata jino. Ukali wake alizaliwa nao jamani, hakuupata ualimuni.

Alianza darasa la kwanza Bihawana mwaka 1956. Alipofika la nne baba alitaka aache, kwa sababu mbuzi walikosa mtu. Aliyemtetea ni baba yetu mkubwa Thomas, ambaye tuko naye hapa leo. Shikamoo, baba. Alimwambia mdogo wake, "Muache mtoto asome. Mbuzi ni wako, chunga wewe." Marehemu akamaliza la nane mwaka 1963, akaenda chuo cha ualimu, akafundisha shule za msingi Kongwa na Mpwapwa. Baadaye alirudi chuoni kuchukua stashahada, na Januari 1976 akapangiwa Shule ya Sekondari ya Wasichana Migungani kufundisha Kiswahili. Hakuhama tena.

Mwaka 1972 alifunga ndoa na shemeji yetu Ludovick Mlewa, fundi bomba, katika kanisa la Bihawana. Shemeji alikuwa ameitwa kutengeneza tangi la maji kwenye shule aliyokuwa akifundisha dada kule Mpwapwa. Tangi lilipona siku ya kwanza, lakini fundi aliendelea kuja wiki nzima, eti linavuja. Marehemu akamwambia, "Fundi, kama una neno sema, tangi liache lipumzike." Wakajenga Nkuhungu, wakaishi kwa kupendana na kutaniana. Mtoto wa kuzaa hawakupata. Watu walisema wee, mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa nije Migungani, maana wengi mliovaa sare hapa mnamfahamu kwa gazeti la ukutani. Lilikuwa ubao tu nje ya bwalo, lenye habari walizoandika wasichana wenyewe: za bweni, za uji mwepesi, za mwalimu anayekohoa kabla ya kusema uongo. Marehemu hakuwa na kalamu nyekundu kwa gazeti hilo. Jumamosi asubuhi wasichana wa zamu ya jikoni walikaa chini kuchambua maharage, na mwenye habari alisimama mbele yao akasoma. Marehemu aliangalia mikono. Mikono ikiendelea na maharage, alisema, "Kaandike tena, mwanangu, hapa hatujasikia kitu." Ikisimama, habari inabandikwa kama ilivyo, haipunguzwi neno. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliishika kama amri ya kanisa.

Mnakumbuka miaka ile ya ruksa, kila mtumishi akaruhusiwa mradi wake, huyu kuku, yule maandazi. Mkuu wa shule wa wakati huo, ambaye simtaji, alikuwa na mradi wa tofali. Wasichana walichota maji kisimani alfajiri, na maji yakaenda kwenye tofali. Jumamosi moja ya Juni 1992 msichana wa kidato cha nne, Swaumu, akasimama jikoni kusoma habari yake. Ilikuwa barua ya shukrani kutoka kwa tofali. Tofali linawashukuru wasichana wa Migungani kwa kuliogesha kila siku, na linawapa pole kwamba wao wenyewe hawajaoga tangu Jumapili.

Mikono ilisimama moja kwa moja. Walicheka mpaka wakalala chini, kengele ikalia, na maharage yakamiminwa sufuriani na mawe yake. Bahati mbaya siku hiyo bodi ya shule ilikuwa na wageni mezani. Mzee Naushad, mwenye duka la vitambaa mjini na mjumbe wa bodi, akatafuna jiwe, kipande cha jino kikabaki mkononi. Akauliza kwa upole haya maharage yamekuwaje. Binti mmoja wa zamu, hajui kudanganya masikini, akajibu, "Shikamoo mzee. Tulikuwa tunasikiliza habari ya Swaumu." Mzee akataka kuiona hiyo habari. Akapelekwa ubaoni, akaisoma, na bodi nzima ikasoma nyuma yake.

Mkuu wa shule alimfukuza Swaumu siku ileile. Mtihani ulikuwa umekaribia. Wazazi wake walishafariki, alilelewa na bibi yake kule Kondoa, na kurudi bila mtihani ilikuwa ndiyo kwisha habari. Marehemu akambebea sanduku lake mpaka Nkuhungu. Akamwambia mumewe, "Ludovick, tumepata mgeni." Shemeji akauliza, "Wa siku ngapi?" Anasema mpaka leo hajajibiwa.

Bodi ilipokaa, marehemu alisimama akasema, "Sheria ya kubandika ni yangu, si ya mtoto. Kama kuna wa kuondoka, ni mimi." Sisi nyumbani tulishika vichwa, tukajua kazi imekwenda. Ndipo mzee Naushad aliposema, "Jino ni langu, na mimi nimeshasamehe. Sasa tuulizane, hayo maji ya tofali ni kweli au si kweli?" Swaumu akarudishwa darasani, tofali zikakosa maji, na dada akarudi nyumbani akala ugali wa watu wawili. Tulipumua!

Tangu hapo kila likizo Swaumu alianza Kondoa kumsalimia bibi, akamalizia Nkuhungu. Wakati wa Ramadhani marehemu, Mkatoliki asiyekosa misa, aliamka kumpikia daku. Shemeji naye aliamka akala, na mchana akala tena. Swaumu alifaulu, akaenda kidato cha sita, akaenda chuo cha ualimu, na sasa anafundisha sekondari hapa mjini. Ukimsikia darasani anavyogomba, utafikiri dada amerudi.

Mwishoni mwa 1997 marehemu alianza kuumwa tumbo, akagundulika ana uvimbe. Alitibiwa hapa katika hospitali ya mkoa, akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi amekonda lakini mdomo uko palepale. Aliyemuogesha, aliyemlisha, aliyelala chini ya kitanda chake hospitalini, ni Swaumu. Miezi ya mwanzo wa mwaka huu maumivu yalikuwa makali, tukawa tunatoka nje kulia. Lakini wiki zake za mwisho Mungu aliyaondoa. Alikula uji, alitania wageni, alimsahihisha padre aliyemtembelea. Alhamisi tarehe 12 Agosti 1999, saa tisa alasiri, akiwa kitandani kwake Nkuhungu, alimwambia Swaumu amgeuzie mto, akashukuru, akalala. Hakuamka. Tumelia, ndiyo, lakini siwafichi, tumeshukuru pia. Ameondoka bila kuteseka.

Jana kwenye kikao cha ukoo nilisoma rasimu nilipoandika, "Ameacha mtoto mmoja, Swaumu." Baba mkubwa Thomas akanyanyua mkono. "Violeth mwanangu, futa hapo. Huyu binti tunamheshimu, ametusaidia kuuguza. Lakini ni Muislamu, ni wa Kondoa, ana kwao. Tukimwita wetu, wenyewe watakuja kutuuliza tumemzaa lini, tumemtoa wapi." Nikabisha, nikaambiwa nikae. Nilikaa, nikafuta, ila kuandika kwamba hakujaliwa sikuandika. Swaumu alikuwa mlangoni na chupa ya chai, amesikia kila neno. Akamimina chai, akampa baba mkubwa kikombe cha kwanza, akatoka.

Rasimu ikaenda kwa mpiga chapa ikiwa na nafasi tupu mahali pa mtoto.

Leo asubuhi gari la Kondoa likaingia. Akashuka bibi yake Swaumu na wazee watatu wa kwao, na magunia ya mtama. Bibi hakwenda kwa wanawake kwanza. Alikwenda moja kwa moja alipokaa baba mkubwa, wakasalimiana, wakauliziana hali ya mvua. Kisha akasema, nami nilikuwepo, "Baba, poleni. Tumekuja kumzika mama wa mtoto wetu. Sisi tulizaa, marehemu akalea. Tunaomba tuonyeshwe mtoto amekaa wapi, tukae naye."

Baba mkubwa akatoa ugoro, akaurudisha mfukoni bila kuvuta. Akatafuta kwa macho uwanja mzima mpaka akamuona Swaumu kwenye majiko, anapuliza moto. Akaita kwa sauti, "Mama, achia hao wapishi moto. Mfiwa hapiki. Njoo ukae hapa mbele." Akanigeukia mimi, machozi yanamtoka, "Na wewe unangoja nini? Andika."

Muda wa kurudi kwa mpiga chapa haukuwepo; haya ya jana na leo nawasimulia kwa mdomo, hayamo kwenye nakala. Wasichana wa kidato cha pili Migungani waligawana nakala zote chini ya turubai, wakaujaza mstari huo kwa kalamu zao. Ndiyo maana mkilinganisha na jirani mtakuta mwandiko tofauti. Maneno ni yaleyale.

Marehemu ameacha mume, Ludovick; mtoto mmoja, Swaumu; wadogo zake watatu tukiwa na watoto wetu; baba mkubwa mmoja; na wasichana aliowafundisha, ambao kuwahesabu siwezi. Mbele ya kaburi, udongo wa kwanza utatupwa na mume, wa pili na mtoto.

Bwana alitupa, Bwana amemchukua, na safari hii amemchukua kwa upole. Mama Swaumu apumzike kwa amani.